Robo Tatu ya Kilowati

Gurudumu la kushukia mji wa Tumboni lilisimama katikati saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na fundi aliyelichagulia mota alikuwa amefungiwa ndani yake.

Nkwimba alisikia breki ikiuma. Tak! Sakafu ikatikisika mara moja, kisha kimya. Wachimbaji sita waliokuwa naye kizimbani wakamtazama wote kwa pamoja, kama abiria wanavyomtazama dereva. Kila mmoja alikuwa na gunia la udongo miguuni.

"Fundi," alisema Kashinje, mwanamke mrefu aliyekaa juu ya ardhi miaka kumi na moja akingoja siku hii. "Tumefika?"

"Bado."

"Sasa mbona tumesimama?"

Nkwimba alifungua kijaluba cha vipimo ukutani akasoma. Gurudumu lilikuwa limegeuka robo kamili. Kizimba chao kilikuwa upande wa mashariki wa shimo, kizimba cha pili upande wa magharibi, vimelingana kimo kama vikombe vya mizani. Mota ilikuwa nzima kabisa. Kidhibiti chake ndicho kilichojizima, na sababu iliandikwa kwa herufi nyekundu: UMEME UNARUDI.

Mota ilitakiwa kula umeme, haikutakiwa kuurudisha. Mota hurudisha umeme pale tu mzigo wenyewe unapoizungusha, yaani pale upande unaoshuka unapokuwa mzito kuliko unaopanda. Na yeye alikuwa ameapa mbele ya Baraza kwamba pande zote mbili zingelingana mpaka kilo ya mwisho.

Akainamisha macho akayaona magunia.

*

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amesimama ghalani mbele ya mota mbili, na Mwenyekiti Malimi wa Baraza amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, mpole kama kawaida yake. Watu waliokuwa wakimwogopa Malimi walimwogopa kwa sababu ya upole huo.

Mota ya kwanza ilikuwa ya kilowati tano na nusu, kubwa kama ndama, imefungwa kwenye turubai na kidhibiti chake. Ya pili ungeweza kuibeba kwapani. Robo tatu ya kilowati.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," alisema Malimi.

Nkwimba akamweleza. Gurudumu limesimama wima ndani ya shimo la mgodi wa kale, vizimba viwili vimening'inia pande mbili. Kimoja kikiwa juu mlango wake unatazama jua, kingine kikiwa chini kinatazama mji. Likigeuka nusu vinabadilishana. Pande zikilingana, mota haibebi mtu yeyote. Inapambana na msuguano wa beringi tu, na uvivu wa chuma kuanza kuzunguka. Kwa kazi hiyo mota ndogo inatosha, giaboksi ikiipunguzia mbio na kuizidishia nguvu. Lakini upande mmoja ukiwa mzito, kila kitu kinabadilika, na pabaya zaidi ni katikati, vizimba vinapokuwa vimenyooka ubavuni, maana hapo mzigo unalivuta gurudumu kwa urefu wote wa mkono wake.

"Kwa hiyo hii ndogo haiwezi kumshusha mtu kama hakuna mwenzake anayepanda."

"Haiwezi, Mwenyekiti."

"Na hii kubwa?"

"Hii itamshusha yeyote, wakati wowote."

Malimi akaafiki kwa kichwa, taratibu. "Hewa yetu ni ya watu mia tisa, Fundi Nkwimba. Tuko mia tisa na sita. Mota ile ya zamani ilikuwa kubwa, na kila aliyekuwa na jamaa anayengoja mlango wa juu alikuja kulia kwangu, nami nikafungua. Mimi si mtu wa mawe. Nikiweza kufungua, nitafungua. Nataka mashine isiyoweza." Akaipapasa ile ndogo. "Wachimbaji sita wametimiza miaka yao juu. Watashuka sita, na watapanda sita waliopita miaka sitini. Sisi hatutamfukuza mtu. Ni hesabu ya mashine."

Nkwimba alikuwa na mama wa miaka hamsini na minane. Alikuwa pia na chumba chenye bomba la hewa la peke yake, na watu Tumboni wanatoana macho kwa bomba la namna hiyo. Alijiambia kwamba yeye huchagua vyuma, hachagui watu. Alijiambia hivyo mara nyingi kiasi kwamba mtu mwenye akili zake angeshtuka.

Jambo moja tu alilikatalia Baraza. Waliomba breki ndogo pia, ilingane na mota. Alisema hapana. Breki lazima ishike gurudumu hata upande mmoja ukiwa mtupu na wa pili umejaa, iwe ya springi, na ikae kwenye ekseli yenyewe badala ya kwenye mota, ili umeme ukikatika ijibane bila kuombwa. Wakamkubalia. Kisha akatia saini mota ndogo.

Na mwenye saini, kwa desturi ya mafundi wa Tumboni, hupanda mzunguko wa kwanza na abiria, mawe ya uzito wake yakiwekwa kizimba cha pili, na ufunguo wa breki ukiwa shingoni mwake. Bila ufunguo ule kuzungushwa kizimbani, breki haiachii. Wazee waliiweka desturi hiyo ili fundi asichague kizembe. Ndiyo maana jioni iliyotangulia safari hii alipandishwa juu peke yake kwa kapi ya mkono, akalala na wachimbaji, na alfajiri wakaingia wote kizimbani.

*

"Magunia haya," alisema Nkwimba. "Yana kilo ngapi?"

Wachimbaji wakatazamana. Luhende, kijeba mwenye ndevu zilizoungua jua, akacheka kidogo kwa mshangao.

"Fundi, ni zawadi."

"Najua. Kilo ngapi?"

"Nani anapima zawadi?"

Hakuna aliyewahi kupima. Kila anayeshuka huleta udongo wa juu kwa ajili ya bustani, na kumwekea mtu zawadi yake kwenye mzani ni kumwambia umeiona haitoshi. Makarani wa mlangoni walikuwa wamewapima wachimbaji mmoja mmoja, wakapima viatu vyao na vibuyu vyao vya maji, na ilipofika zamu ya magunia wakageuza nyuso pembeni kwa adabu. Nkwimba mwenyewe alikuwepo. Yeye pia aligeuza uso.

Akalinyanyua gunia la Kashinje. Hamsini, ikipungua sana. Mara sita. Kilo mia tatu za adabu.

"Nimewaponza," alisema. "Mota hii haiwezi kutuzuia tusishuke kwa kasi, na haiwezi kuturudisha juu. Breki ndiyo imetushika."

"Basi tuyamwage," alisema Luhende.

"Wapi? Humu hata inzi hatoki."

Spika ya ukutani ikakoroma. Waya wake ulipita ndani ya ekseli, ambayo ilikuwa wazi kama bomba, ukaunganisha vizimba vyote viwili na chumba cha mashine. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, na Nkwimba aliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Huko mashariki kuna mtu, au nimebaki naongea na chuma?"

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nkwimba.

"Marahaba, binti yangu. Nilijua ni wewe. Kidhibiti kimejizima kwa umeme kurudi, sivyo? Umesahau mzigo unaovuta. Mota huchoka kwa kubeba, na huchoka kwa kuzuia. Nilikufundisha hilo ukiwa na miaka kumi na sita, ukasinzia."

Mwalimu huyo, Mzee Ntobi, alikuwa na miaka sabini. Miaka kumi iliyopita Baraza lilimsamehe zamu kwa sababu mafundi wote wa Tumboni walipita mikononi mwake. Nkwimba hakujua kama msamaha ule ulikuwa umefutwa.

"Mwalimu, nani amekupandisha humo?"

"Jana usiku waliniletea karatasi. Walihitaji wa sita mwenye kilo sitini na mbili. Nina kilo sitini na mbili." Akakohoa. "Usilie kwenye spika, itashika kutu."

Nkwimba alikuwa analia kweli, na hakujali nani anamwona.

*

Ilipofika saa mbili, kizimba kilikuwa kimeanza kunuka pumzi za watu. Nkwimba alipiga hesabu ya hewa mara tatu akapata jibu lilelile: saa tano zaidi, labda tano na nusu wakikaa kimya. Hesabu ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Wazee walikuwa wamepangwa kutoka juu alfajiri ili watembee saa mbili mpaka Kambi ya Kivuli, mahali pa kujikinga, kabla jua halijakolea. Sasa jua lilikuwa limepanda. Atakayetoka mlango wa juu muda huu angeanguka kabla ya kufika nusu ya njia, na hakuna mtu Tumboni asiyejua hilo.

Spika ikakoroma tena. Mara hii ilikuwa sauti ya Mwenyekiti Malimi, tulivu, kutoka chumba cha mashine.

"Fundi Nkwimba, poleni sana. Mafundi wananiambia unaweza kuachia breki kidogokidogo kwa ufunguo, gurudumu likashuka lenyewe upande wako. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwenyekiti. Naachia, nabana, naachia, nabana. Dakika kumi tuko chini."

"Alhamdulillahi. Basi fanya hivyo."

"Na wazee watakuwa juu."

"Ndiyo zamu yao."

"Saa hizi ni kifo, Mwenyekiti."

"Mashine imechelewa. Hakuna aliyekusudia."

Kashinje alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba Nkwimba alihisi joto la mwili wake. "Dada," alisema, na neno hilo lilikuwa jipya kinywani mwake, "nimezika wanangu wawili huko juu. Ninaye mmoja humo chini, hajui sura yangu. Wewe umesema dakika kumi."

"Nimesema."

"Basi unangoja nini?"

Nkwimba akaushika ufunguo. Ulikuwa umepata joto la kifua chake. Ilikuwa rahisi mno, na urahisi ule ndio uliomtisha: hakuhitaji kusukuma kitu wala kumgusa mtu. Angefungua mkono tu, uzito ungefanya mengine, na jioni angekula chakula na mama yake. Baada ya miaka miwili wangekuja kumpima mama.

"Shusha, binti," alisema Mzee Ntobi kupitia spika. Alikuwa amesikia yote. "Sisi tumekaa sana. Humu tumeshaagana. Hao wenzako wametimiza miaka yao, ni haki yao. Usifanye ukaidi."

"Mwalimu, kuna njia nyingine."

"Haipo. Robo tatu haiwezi kunyanyua kilo mia tatu kutoka katikati. Unajua hivyo."

"Mota hii haiwezi. Ile ya ghalani inaweza." Akawageukia wachimbaji, akasema haraka, akichora hewani kwa kidole. "Breki iko kwenye ekseli. Inatushika hata mota ikiondolewa kabisa. Wanaweza kuing'oa hii ndogo na kufunga kubwa sisi tukiwa hapahapa. Kisha gurudumu linarudi nyuma robo, wazee wanashukia mjini. Sisi tunakaa kizimbani, mlango wa juu haufunguliwi. Wakitoka, linageuka nusu, tunashuka sisi, na hakuna anayepanda."

"Muda gani?" aliuliza Luhende.

"Saa nne. Mafundi wakiacha chai."

"Na hewa ni saa tano."

"Ndiyo."

"Na wakikataa?"

Kashinje akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata chembe. "Watakataa. Tukifika wote tutakuwa wangapi? Mia tisa na kumi na mbili? Kwa nini wafunge?"

"Kwa sababu sitaachia breki."

Sentensi hiyo ilimtoka kabla hajaipanga. Aliposikia sauti yake mwenyewe alijua kwamba ameshakata shauri, na kwamba amewakatia na wengine kumi na wawili ambao hakuwauliza. Hilo lilimuuma na akalisema. "Sina haki ya kuwashika humu. Nisameheni. Lakini hapa tulipo hakuna aliye juu wala aliye chini, na nikifungua mkono tu nachagua. Nilishachagua mara moja, ghalani, nikijidai nachagua chuma. Sirudii."

Luhende akamsogelea. Alikuwa na mikono mipana, na ufunguo ulikuwa kwenye kamba nyembamba tu. Wachimbaji wengine wanne wakasimama nyuma yake. Nkwimba hakurudi nyuma, kwa sababu nyuma kulikuwa na ukuta.

"Huyo mzee," aliuliza Luhende, "ni baba yako?"

"Ni mwalimu wangu."

"Na wale watano?"

"Siwajui."

Luhende akaketi juu ya gunia lake, akafumba macho na kuanza kupumua polepole, kama mtu anayebana matumizi. Mmoja baada ya mwingine wenzake wakaketi. Kashinje alibaki amesimama peke yake, hasira na hofu zimemjaa usoni.

"Mwanangu akikua bila kuniona," alisema, "nitakulaani mpaka kaburini."

"Una haki," alisema Nkwimba.

*

Alibonyeza spika akamwambia Mwenyekiti, taratibu na kwa adabu zote, kitu gani afungue, kitu gani afunge, nyaya zipi, na koili gani ya kuchomea umeme unaorudi, maana mara hii hakusahau. Kisha akamwambia kwamba ufunguo hautazunguka mpaka aione mota kubwa kwenye kijaluba cha vipimo.

Malimi hakupandisha sauti. "Fundi, unawashika watu kumi na watatu mateka, ukiwemo wewe."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Mota ile ikifungwa, kesho mlango utajaa watu wanaolia. Nami nitafungua. Nilikueleza kwamba najijua. Baada ya mwaka mmoja watoto wa Tumboni watalala wakihema. Utawaambia nini?"

Lilikuwa swali la kweli. "Nitawaambia tutafute hewa," alisema Nkwimba. "Sijui, Mwenyekiti. Lakini mtakaponiuliza nani apande, mniulize kwa midomo yenu. Msiitume mashine."

Spika ikazimika. Wakamwita tena Malimi, hakuitika. Waya wa wazee nao ukakatika.

Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Jasho liliwatiririka na hakuna aliyejipangusa. Kichwa cha Nkwimba kilianza kugonga, na mawazo yake yakawa mazito, yanarudi palepale: pengine wameenda kula, pengine wanangoja tu hewa iishe, kisha waje wachukue ufunguo shingoni mwa maiti bila kubishana na mtu. Ilikuwa rahisi kuliko kufunga mota. Mara mbili mkono wake ulipanda kifuani, na mara mbili aliukalia.

Ndipo Luhende, aliyekuwa ameegemeza sikio ukutani, akainua kidole.

"Mtu anafungua bolti."

Wote wakaweka masikio ukutani. Ilikuja kupitia ekseli, mbali lakini safi: spana ikikwaruza, kisha mlio mmoja mkali, tinn, bolti ikiachia. Kashinje akaangua kilio cha furaha, lakini Nkwimba alimshika mkono kwa nguvu.

"Ngoja. Hatujui wanafungua nini."

"Si mota?"

"Wanaweza kulifunga gurudumu kwa minyororo, waing'oe breki, watushushe kwa nguvu kwa mnyororo. Hawahitaji ufunguo hapo. Breki imeshikwa na bolti sita. Mota imeshikwa na nane."

Tinn. Ya pili. Mafundi wote waliokuwa kule chini walifundishwa na Mzee Ntobi, kila mmoja wao, na kila mmoja alikuwa na mama au baba anayeelekea sitini. Hilo alilijua. Alijua pia kwamba Malimi angekuwa amesimama nyuma yao, mikono mgongoni. Ya tatu. Ya nne ilichelewa, ilikuwa na kutu, wakasikia mtu akiipiga nyundo. Ya tano.

Kashinje alikuwa ameushika mkono wa Nkwimba sasa, na kucha zake zilikuwa zimeingia nyamani.

Tinn. Ya sita.

Kisha kimya. Kimya kirefu, kimya cha watu wanaoweka spana chini. Nkwimba alifumba macho akangoja kusikia minyororo, akamwomba mwalimu wake msamaha bila sauti.

Spana ikakwaruza tena, na bolti ya saba ikaachia.